Kimya Nilichokikata

Marigu alikuja Githongo siku ya Jumanne, akanikuta nyuma ya nyumba nikianua nguo. Sikumjua. Niliona mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, amevaa koti zuri na viatu vilivyoganda udongo mwekundu wa kwetu, mkononi ana kadi ya harusi. Akanipa mkono kwa heshima, ule wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia. "Anti Karimi? Mimi ni Marigu. Wa Ciarunji, wa Siakago. Mama tulimzika mwezi wa pili." Nikasema pole. Akasema asante. Kisha, bila kuzungukazunguka, akaniambia: "Naolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Mama aliniambia toka nikiwa mdogo, siku yangu ikifika nikutafute. Wewe ndio uko na wimbo wangu." Nilimkaribisha ndani, nikamwambia naenda kuweka chai. Jikoni nilisimama na sufuria tupu mkononi, kwa muda gani sijui, mpaka akaja mlangoni kuuliza kama nataka nisaidiwe. Jameni, miaka yote ile nilijua siku hii itakuja, na bado ikanikuta sina hata neno moja tayari.

Nianze na chumba, maana chumba kile nakikumbuka kuliko ninavyowakumbuka watu, na hilo lenyewe ni sehemu ya makosa yangu. Kilikuwa Embu mjini, nyuma ya duka la kupiga chapa, miaka ya tisini ikielekea mwisho, mwaka ule wa kiangazi kirefu kabla ya mvua kubwa. Mbele kulikuwa na taipureta tatu na mashine ya kutoa kopi iliyopenda kumeza karatasi za watu. Ukipita pazia unakuta chumba kisicho na dirisha. Dirisha lilikuwepo, lakini lilizibwa kwa godoro. Kuta zote zilibandikwa trei za mayai kutoka chini mpaka juu, trei ambazo mwenye duka, Mwalimu Njiru, alikuwa ameziomba hoteli moja baada ya nyingine mpaka wenye hoteli wakaanza kumkimbia. Joto likipanda, chumba kilinuka kuku. Mwalimu alikiita studio. Alikuwa ameacha kufundisha kwaya shuleni ili aanzishe kitu hicho, na ukimuuliza kitamfikisha wapi, alihamisha muguka, majani aliyotafuna kutwa, kutoka shavu moja hadi jingine na kusema, "Karimi, wewe ngoja tu." Nami nilingoja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kompyuta, na kiburi kisicho na kifani.

Niliajiriwa kupiga chapa. Lakini shemeji ya Mwalimu alikuwa amemtumia kompyuta kuukuu kutoka ng'ambo, na ndani yake kulikuwa na programu ya kurekodi muziki, na katika duka zima mimi pekee ndiye niliyeweza kuiwasha bila kuomba dua kwanza. Basi nikawa fundi wa sauti, hivyo tu, kama mtu anavyotawazwa kwa kuwa karibu na kiti. Nilijifunza kwa kukosea. Niliona kwamba programu ile hubeba vitu viwili vya aina mbili kabisa. Kuna sauti yenyewe, ile ya mtu akiimba, inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta kama mstari wenye vilima na mabonde, nayo ni nzito, inakula nafasi ya diski kama nzige. Na kuna midi, ambayo si sauti hata kidogo. Midi ni maagizo tu: bonyeza hapa, achia pale, piga ngoma, nyamaza. Kinanda kikisomewa maagizo hayo kinalia. Kisiposomewa, hakuna kitu. Wimbo mzima wa midi ulienea kwenye diski ndogo ya mfukoni na nafasi ikabaki. Na kazi yangu yote, ile ambayo nilijigamba nayo kwa wapiga chapa wenzangu, ilikuwa kuhakikisha vitu hivyo viwili vinakwenda sambamba, mguu kwa mguu.

Tulirekodi saa ya chakula cha mchana pekee, kwa sababu ukuta mmoja nyuma yetu kulikuwa na mafundi wa kuchomelea vyuma, na hao walinyamaza saa saba hadi saa nane tu. Kwa hiyo sisi hatukula saa saba. Tulikula saa nane na nusu, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe uliopoa kutoka kibanda cha ng'ambo ya barabara, tukiwa tumekaa kwenye viti vya wateja, na wapiga chapa wakituletea habari za mji mzima. Ndipo niliposikia habari za Ciarunji kwa mara ya kwanza, kabla sijamwona. "Yule mama wa Siakago anayeimba kwa harusi za watu," mmoja wao alisema akipuliza chai. "Koo imevimba. Wengine wanasema ni kulogwa." Mwingine akamkata: "Wewe nawe! Ni ugonjwa kama ugonjwa. Hospitali wamempa siku ya kupasuliwa." Nikaendelea kula. Ilikuwa habari ya watu.

Alikuja siku iliyofuata, na akatangulia kuuliza kama mlango wa nyuma unafungika. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, kitambaa kimezungushwa shingoni ijapokuwa jua lilikuwa linachoma, na chini ya kitambaa uvimbe uliotoshana na yai la kuku. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba atapona, lakini sauti hawezi kuiahidi. "Mimi siogopi kisu," alimwambia Mwalimu. "Naogopa siku ya Marigu." Marigu alikuwa binti yake wa pekee, umri wake miaka sita. Na nyumbani kwao walikuwa na desturi, sijui kama ni ya Wambeere wote au ya ukoo wao peke yao, kwamba binti akitoka kuolewa, mama ndiye humtoa kwa wimbo alioutunga mwenyewe kwa ajili ya mtoto huyo mmoja. Wimbo huo hauimbwi mbele yake kabla ya siku. Wala maneno yake hayasemwi. Mtoto akiusikia mapema, wanasema, atatoka nyumbani kabla ya wakati, na kutoka huko si lazima kuwe kwa ndoa. "Kwa hivyo nataka mniwekee," akasema. "Si kwa kaseti. Kaseti ikikaa nyumbani mtoto ataiweka kwa redio, halafu vumbi ya kwetu itaikula. Nataka ile ingine haiozi." Alimaanisha siidii, kile kisahani kinachong'aa. Wakati huo hatukuwa na mashine ya kuitengeneza Embu. Fundi mmoja wa Nairobi, rafiki ya Mwalimu, ndiye aliyekuwa nayo. Mwalimu akamwahidi. Mimi pia nikamwahidi, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Tulimrekodi siku tatu. Kwanza niliweka kinanda na ngoma kwenye midi, yeye akinipigia mwendo kwa kofi kwenye paja. Kisha yeye, kisha dada yake na jirani yao waliokuja kuitikia. Hao wawili kazi yao ilikuwa maneno matatu tu, "thii na thayu," nenda kwa amani, tena na tena kila alipowaachia nafasi. Mwenyewe hakutaka wamsikie akiimba, kwa hiyo niliwawekea kinanda na ngoma tu, nikiwainulia kidole pa kuingia. Yeye ndiye aliyekuwa na maneno. Yalikuwa Kimbeere cha ndani, cha mabibi, nami Mmeru wa Githongo niliambulia neno hapa na neno pale. Ningeweza kuuliza. Wee! Niulize mimi, fundi? Nilikuwa na kioo cha kuangalia. Nilikuwa nikiangalia vile mstari wake ulivyopanda polepole kutoka chini, ukasimama juu, ukakatika ghafla, na nilifurahi kwa sababu haukugonga dari ya kioo, maana ukigonga sauti hukwaruza. Kati ya mishororo alikunywa uji wa mwere, yale mawele ya kwao, kutoka kwenye chupa ya chai, funda moja moja, akifumba macho kila alipomeza. Siku ya tatu, aliponyamaza, alinitazama akaanza kucheka. "Karimi, wewe huniangalii. Unaangalia hiyo kioo kama ng'ombe inaangalia gari."

"Naangalia sauti yako, Mama Marigu."

"Sauti inaangaliwa? Haya. Umesikia nilichomwambia kwa ile beti ya tatu?"

"Nimesikia."

"Imekuingia?"

"Imeniingia kabisa."

Akaniangalia kwa namna ambayo leo naielewa na siku ile niliiona kama uchovu. "Basi sasa tuko wawili tunaojua," akasema, akaifunga chupa yake ya uji. Nimeyasikia maneno hayo nikifua, nikipika, nikisahihisha madaftari ya watoto wa watu. Kumwambia kweli kungenigharimu nini? Angecheka tena, angenisomea neno kwa neno, nami ningeyaandika nyuma ya karatasi iliyoharibiwa na mashine ya kopi. Karatasi kama hizo zilijaa pale, debe zima.

Sasa nije kwenye Ijumaa yenyewe, siku ya kutuma kazi Nairobi. Fundi wa Nairobi, ambaye jina lake lilikuwa Oloo, alikuwa ametutumia diski tatu nene za kwake kwa basi, tumjazie kazi na kumrudishia. Alinipigia simu asubuhi akanieleza utaratibu kwa uvumilivu mkubwa. Midi iende peke yake kwenye diski ndogo. Kisha kila sauti iwe na faili yake: mama peke yake, dada peke yake, jirani peke yake. "Na usikate chochote, madam," akasema. "Zote zianzie sifuri, hata kama mtu amenyamaza nusu ya wimbo. Hiyo kimya ndio inashika kila kitu mahali pake. Ukiitoa, mimi huku sitajua nani anaingia lini." Nikasema ndiyo. Niliandika hata. Nami nilielewa, hilo ndilo linalonikera mpaka leo: sikukosea kwa ujinga.

Diski hazikutosha. Mwalimu alikuwa ameongeza nyimbo mbili za kwaya yake ziende na parseli hiyo hiyo, na saa sita mchana nilikuwa nimejaza diski mbili na nusu, na sauti za Mama Marigu hazijaingia hata robo. Basi la kubeba parseli lilikuwa linaondoka saa nane. Mwalimu alichungulia kwenye pazia mara nne, shavu limejaa, saa mkononi. "Karimi! Tumekwama wapi?" Ningemwambia diski ni chache. Ningetoa wimbo wa kwaya mmoja. Lakini kwaya ilikuwa ya Mwalimu, na mimi sikutaka kusikika nikisema nimeshindwa. Nilitazama kioo. Mistari ya dada na jirani ilikuwa mitupu zaidi ya nusu, mstari mrefu uliolala usio na kitu. Hata wa Mama Marigu ulikuwa na mapengo makubwa pale alipowaachia nafasi waitikie. Mimi nimekulia kwenye kahawa. Toka nikiwa mtoto, kabla ya kufika kiwandani tulimwaga gunia chini, tukachagua: mbivu huku, mbichi huku, kavu tupa. Karani alipokea mbivu peke yake, na ole wako akikukuta na takataka kwenye gunia. Mikono yangu ilijua kazi hiyo kuliko kusoma. Basi nikachagua. Nilikata kimya cha mwanzo, nikakata cha katikati, nikakata cha mwisho, nikazisukuma sauti zikagusana, mbivu kwa mbivu, na mstari wa kila mmoja ukawa mfupi, mnene, safi. Zikaingia zote. Nafasi hata ikabaki. Nilijipongeza, haki ya Mungu. Nilijiambia hao wa Nairobi wana mashine kubwa, wataona wenyewe pa kuziweka.

Parseli ikaondoka. "Umetuma?" Mwalimu akauliza. Nimetuma. "Basi safisha." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya studio: kompyuta ilikuwa na nafasi ya kazi moja tu, na Jumatatu kwaya nyingine ilikuwa mlangoni. Nikafuta. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika, na nilibonyeza mwenyewe kwamba nina hakika. Kisha nikatoka nikanunua mandazi mawili, nikala nimesimama juani, nikijiona mtu wa maana.

Mama Marigu alilazwa Jumatatu, akapasuliwa Jumatano. Ijumaa Oloo akapiga simu. Simu ilikuwa mbele, kwenye meza ya wapiga chapa, kwa hiyo taipureta zote tatu zilinyamaza zikisikiliza.

"Madam, hii kitu umetuma ni nini? Muziki uko sawa, noti zote zimekaa. Lakini hizi sauti hazina mahali. Huyu mama anaimba mfululizo, hata hapumui. Nani alikata?"

"Mimi."

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia."

"Basi tuma tena vile zilikuwa."

"Nimefuta."

Nikasikia akivuta pumzi. Nikamwambia haraka haraka kwamba asiguse kitu, nitapanda gari kesho asubuhi nije nizipange mwenyewe kwa mkono, kipande kwa kipande, naujua wimbo ule mahali kila mtu anapoingia. Na kweli nilikuwa naujua. Ningeweza. Ingenichukua wiki lakini ningeweza. "Ai, madam," Oloo akasema, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Hizo diski nimeshafuta zote jana. Kuna watu walikuwa wanangoja. Mimi nilijua nyinyi mko na zenu." Baada ya hapo akasema atanirudishia diski ndogo ya midi kwa basi, kwa kuwa ilikuwa yetu. Nikamshukuru. Unajua mtu anavyoshukuru hata akipigwa kofi, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Kazi ya siku tatu, na koo la mwanamke mzima, viliishia hapo kwenye ile meza, na mmoja wa wapiga chapa akanisogezea kiti.

Mwalimu hakunipigia kelele. Angenipigia labda ningepona. Alitoka nje akatema muguka wote, akarudi akaketi kwenye kigoda alichokuwa akikalia Mama Marigu, trei za mayai zikimzunguka. "Ataimba tena," akasema. Nikamwambia amepasuliwa juzi. Halafu akasema, bila kunitazama, "Akiuliza, mwambie bado." Kesho yake saa ya kutembelea wagonjwa nilikwenda hospitali na chupa ya uji. Alikuwa amelala ameegemea mito miwili, bandeji shingoni, hatakiwi kusema neno. Aliponiona, macho yalimng'aa. Akagusa sikio lake kwa kidole, kisha akainua dole gumba na nyusi pamoja: wimbo uko sawa? Watu husema uongo kwa kinywa. Mimi wa kwangu niliusema kwa shingo. Niliitikia kwa kichwa, mara mbili, na yeye akafumba macho akalala kwa raha kabisa. Niliketi pale mpaka kengele ikapigwa, nikimwangalia. Kumbe nilikuwa naweza kumwangalia.

Sauti haikurudi. Alipokuja dukani tena mvua ilikuwa imeshaanza, na alichokuwa nacho kilikuwa mnong'ono mkavu, kama mtu anayesugua viganja. Ilibidi niiname ili nimsikie. Alikuwa ameniletea asali ya kwao kwenye chupa ya soda. "Iko tayari?" akanong'ona. Nikamwambia bado, Mama Marigu, Nairobi wanaing'arisha. Nilitegemea aniulize lini. Badala yake alicheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakitikisika. "Hakuna haraka. Marigu ana miaka sita." Alipotoka, wapiga chapa waliinamia taipureta zao, na huo ndio ulikuwa wema wao kwangu. Asali niliila. Sitaki kudanganya hilo pia. Niliila yote, kwa kidole, kwenye chumba changu, na ilikuwa tamu.

Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimeondoka Embu. Nilimwambia Mwalimu mama yangu anahitaji msaada shambani. Alijua ni uongo, na alinipa ile diski ndogo ya midi kwenye bahasha, kwa sababu hakutaka kubaki nayo ndani ya nyumba. Studio ilifungwa baadaye, trei zikaenda kwa mtu wa kuku, na Mwalimu naye ameshakufa. Mimi nilirudi Githongo nikafundisha watoto kupiga chapa, baadaye kompyuta, na kila mwaka salamu zilinifikia kwa mtu huyu au yule aliyetoka sehemu za Siakago: Mama Marigu anakusalimu, anasema umwekee. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu ilikuwa na urefu wa maisha ya mtoto mzima. Kila salamu ilipofika nilijiapia kwamba Jumamosi hii nitakwenda. Nitafika kwake, nitapiga magoti, nitamwambia Mama Marigu, wimbo haupo, utunge mwingine, umwandikie mtoto maneno basi, yakae kwenye bahasha. Bado angekuwa na maneno. Jumamosi zilikuja zikapita, nami nikawa na nguo za kufua.

Chai ilipokuwa tayari nilimwambia Marigu yote kuhusu sauti zilizopotea. Niliyasema nikitazama kikombe. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu: "Hakuna chochote kimebaki?" Nikamwambia kimebaki kinanda na ngoma, nilikuwa nimehamisha ile midi kutoka diski hadi diski miaka yote. Akataka kuusikia. Nikaleta laptopu ya shule, nikaiweka mezani kati ya vikombe, nikabonyeza. Wimbo wa mama yake ukaanza kulia sebuleni kwangu, ngoma mahali pake, kinanda mahali pake, kila noti sawasawa kama nilivyoiweka nikiwa na miaka ishirini na miwili. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Baadaye kidogo akauliza, "Mama anaingia wapi?"

"Hapa," nikasema, nikainua kidole. "Anaanzia chini. Anapanda, anapanda, anasimama. Sasa amewaachia. Tata yako, dada ya mama, na jirani wanaitikia mara nne. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Mama anarudi." Nilikuwa nachora hewani kwa mkono, vilima vyake vyote na mabonde, na sikukosea hata kimoja. Marigu aliacha kuangalia laptopu akawa anaangalia mkono wangu. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini uso umetulia, karibu na furaha, na kwa muda mfupi nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba nimempa kitu.

"Na anasema nini?" akauliza.

Nikashusha mkono.

"Tata hajui. Jirani pia hajui, wanajua tu kuitikia. Mimi nilimwomba Mama aniambie, akakataa kabisa, eti siku haijafika. Hata huu mwaka, akiwa amelala hospitali, nikamwambia Mama, ukienda nani ataniambia? Akaninong'oneza hapa kwa sikio: usijali, Karimi anajua. Tuko wawili." Alijipangusa uso kwa kiganja, akasogeza kiti karibu nami. "Si lazima uimbe, Anti. Niambie tu maneno. Hapo anaponiita, anasema nini?"

"Sijui, Marigu. Sikuwa nikisikiliza. Nilikuwa naangalia kioo."

Alinitazama kama aliyengoja nimalizie. Muziki haukungoja mtu; ukafika ubeti wa tatu, na kidole changu kikainuka chenyewe, pale mama anapoingia.